Mkaa wa Senetwet na Homa ya Maziwa

Mkanda wangu umerudi kwenye tundu la tatu. Niliungoja urudi hapo tangu mahindi yalipokuwa yakipandwa hadi yalipovunwa. Katikati ya misimu hiyo miwili niliutoboa matundu mengine mawili kwa msumari, na bado suruali iliteleza. Leo sina homa, na nimeamua kuandika yaliyonipata nikiwa ningali nayakumbuka kwa mpangilio. Ninamwandikia mtu aliyeketi sasa hivi kwenye benchi la hospitali, ambaye homa yake inakuja na kuondoka, amepimwa malaria mara nne, na nyumbani ameanza kuonekana mvivu. Huenda si uvivu.

Jina langu ni Wanyonyi. Mimi ni fundi wa mizani mjini Kitale. Natengeneza mizani za wafanyabiashara wa mahindi, zile za kuning'iniza magunia na zile ndogo za mezani. Shule niliiachia kidato cha pili. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma, kuuliza na kuandika. Nina madaftari kumi na moja ya mimea peke yake. Kila mmea una ukurasa wake: unavyoitwa kwetu Bungoma, unavyoitwa na wakwe zangu Wasabaoti wa Mlima Elgon, unapoota, na watu wanavyoutumia. Sisemi haya kwa kujisifu. Ugonjwa wangu ulianzia ndani ya daftari moja kati ya hayo, kwenye ukurasa wa mmea ninaoupenda kuliko yote.

Wasabaoti huuita senetwet. Sisi Wabukusu huuita lubinu. Jina lake la kitaalamu ni *Senna didymobotrya*. Ni kichaka chenye mashina mengi yanayotoka chini kwa pamoja, na kikiachwa humzidi mtu mrefu mara mbili. Majani yake yamepangwa jozi jozi kwenye kikonyo kimoja, kama unyoya wa ndege. Maua ni ya manjano, yamesimama wima kama mshumaa, na yale ambayo hayajachanua hukaa juu kabisa, meusi, mfano wa utambi uliokwisha kuungua. Ukilisugua jani vidoleni linatoa harufu. Mimi husema ni ya njugu zilizoungua; mke wangu husema ni ya panya. Hupenda kingo za mito, mitaro ya barabara na mashamba yaliyoachwa. Ng'ombe hakigusi kichaka hiki. Mbuzi naye hakigusi, na mbuzi akikataa kitu ni vizuri mtu ajiulize.

Kwetu Bungoma kazi yake ni ya tumbo: mizizi huchemshwa, mtu akanywa ili aharishe. Majani mabichi hupondwa na kupakwa kwenye mapunye. Lakini kwa wakwe zangu kazi yake kubwa ni ya maziwa. Tawi kavu huambuliwa ganda, huwashwa moto, na kaa lake jekundu husagwa ndani ya kibuyu mpaka kuta zote ziwe nyeusi. Kisha maziwa humiminwa, kibuyu hufungwa, na baada ya siku kadhaa hutoka mursik, maziwa mazito ya rangi ya majivu, yenye ladha ya moshi. Niliyanywa mara ya kwanza siku nilipokwenda kumposa mke wangu, Chemtai, na tangu hapo, kwa zaidi ya miaka ishirini, sijawahi kuyakataa.

Wakati fulani nilihudhuria mafunzo ya wakulima pale Mabanga. Mwalimu alisema maziwa yote yachemshwe. Nikainua mkono nikauliza, je, yale ya kibuyu chenye mkaa? Akajibu, "Chemsha." Jibu fupi namna hiyo huniudhi. Nililibeba hadi Krismasi, tulipopanda kwa wakwe, huko mlimani juu ya Kimilili. Tulikaa siku kumi na mbili, na nikafanya jaribio. Nilichukua vibuyu viwili vidogo, maziwa mabichi ya ng'ombe mmoja, kimoja nikakipaka mkaa na kingine nikakiacha. Siku ya tisa kile kisicho na mkaa kilinuka hata mbwa akageuza uso. Chenye mkaa kilikuwa kinanukia vizuri. Niliandika, nikapigia mstari: *Mkaa wa senetwet husafisha maziwa. Moto hauhitajiki.*

Nilimsomea shemeji yangu Ndiema tukiwa tumeketi uani, karibu na ukuta wa jiko.

"Kwa hivyo kuchemsha ni kazi bure?" akauliza.

"Kazi bure, na kuni bure."

"Aah, shemeji, wewe umesoma bana."

Nyuma ya ukuta, sufuria iliyokuwa ikisuguliwa ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea kusuguliwa. Huyo alikuwa mama mkwe wangu, ambaye watoto wangu humwita Kogo, yaani nyanya. Kwetu na kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawazungumzi ana kwa ana. Hatupeani mikono, hatuli pamoja, hatutazamani usoni. Kukiwa na neno, hupitia kwa mtu wa katikati. Jikoni kwake sijawahi kuingia, na sikujua kinachofanyika humo.

Homa ilianza wakati wa kupanda. Nilikuwa karakanani, nasawazisha mizani ya mezani. Sindano ilitulia lakini mkono wangu haukutulia. Nikadhani ni njaa. Alasiri ile ile nilitetemeka hadi nikaomba blanketi kwa mshonaji wa jirani. Kliniki ya kwanza ilisema malaria. Homa ilipungua siku nne, ikarudi alasiri ya tano. Kliniki ya pili ilisema taifodi. Nilimaliza dawa zote, ikarudi; kliniki ya tatu na ya nne nazo hazikupata kitu. Niliandika saa na siku, nikaona mpangilio, lakini sikujua ni mpangilio wa nini.

Kisha lilikuja jasho. Shati la asubuhi lilikuwa limelowa kabla ya saa nne, na lilinuka kama nyasi zilizolowa na kurundikwa. Chemtai alikuwa anafua mashati matatu kwa siku. Mgongo uliniuma chini kabisa, kisha maumivu yakahamia nyonga, kisha goti. Mteja mmoja, mnunuzi wa mahindi, aliniangalia nikiinua jiwe la kilo ishirini kwa mikono miwili.

"Fundi, umekuwa gunia tupu. Hebu ning'inia hapo tukupime."

Tulicheka, nikaning'inia kwenye mizani ya magunia. Kilo sitini na moja. Krismasi nilikuwa sabini na nne. Tangu siku hiyo nilijipima kila Jumamosi. Wateja walidhani ni mzaha.

Ilipofika palizi, sikuweza kushika jembe. Chemtai alipalilia na vibarua wawili, akarudi jioni na matope hadi magotini, akanikuta nimelala pale pale aliponiacha.

"Wewe waliokuita Wanyonyi walikuita kwa sababu ulizaliwa wakati wa palizi," alisema. "Na sasa palizi ndiyo inakushinda."

Alikuwa anatania. Lakini jembe alilitupa chini badala ya kuliegemeza ukutani, na mlio wake nausikia hadi leo. Simlaumu. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauna jina huonekana amechagua kuugua.

Sasa nitaandika jambo ambalo wanaume wenzangu hawaliandiki. Wiki ya tatu ya palizi korodani moja ilivimba na kuuma. Nililificha siku sita. Siku ya saba Chemtai aliniona nikienda chooni.

"Baba Sharon, mbona unatembea kama bata?"

Nilimwambia. Hakucheka. Alileta maji ya vuguvugu na kitambaa, akasema kesho tunakwenda hospitali kubwa. Mimi niliona aibu kufungua suruali mbele ya watu wa umri wa watoto wangu. Nikamwambia nataka kupumzika kwanza kwa dada yangu Nafula, karibu na Mabanga. Uvimbe huo ungenipeleka kwa daktari wiki mbili mapema, kama si aibu. Wewe usiyasubiri hayo.

Nafula ni mkubwa kwangu kwa miaka minane, na huamini kwamba kila ugonjwa ni uchafu uliokwama. Aliponitazama tu alishuka kijitoni kwake akiwa na panga, akarudi na mizizi ya lubinu. Aliikata na kuiweka kwenye sufuria.

"Unaweka kiasi gani?" nikauliza.

"Kiasi cha mkono."

"Mkono wa nani?"

"Mkono wangu! Wa nani mwingine? Wewe kunywa, wacha mambo ya mizani."

Nilikuwa nimeandika mwenyewe katika daftari kwamba mizizi hiyo ikizidi ni sumu. Maisha yangu yote nimekataa kuuza kipimo kisicho sawa. Na nilikunywa vikombe viwili vya dawa isiyopimwa, kwa sababu aliyenipa alikuwa dada yangu na nilikuwa nimechoka. Niliharisha asubuhi yote. Kabla ya adhuhuri sikuweza kusimama. Jirani wa Nafula alinibeba kwa toroli ya kubebea mbolea hadi barabarani, na hivyo ndivyo nilivyofika hospitalini Bungoma, nikiwa na kinyesi cha kuku kwenye shati. Nashukuru kwa toroli ile. Nashukuru hata kwa mizizi ile, kwa sababu bila hiyo ningekwenda kliniki ya tano.

Benchi la kungojea lilikuwa refu, na kila mgonjwa akiitwa sote tulisogea. Kwa mwenye maumivu ya nyonga, kusogea huko ni safari. Mama mmoja niliyekuwa simjui, aliyekuja na mtoto wake mwenye kikohozi, aliona. Alivua leso yake, akaikunja mara nne, akaniwekea nikalie. "Ukisogea, isogeze," akasema. Alipoitwa aliniachia. Sikumwona tena. Leso hiyo ninayo, ina picha ya korosho, na nikipata pa kumrudishia nitamrudishia.

Walinitia maji mshipani kwanza. Kisha akaja daktari, msichana mwenye sauti ndogo, akavuta kiti hadi karibu na kichwa changu. Nafula alikuwa amesimama upande wa pili na mkoba wake, tayari kunijibia.

"Mzee, homa imekuwa muda gani?"

"Tangu kupanda," akasema Nafula. "Na ni hiyo kazi yake ya kuinama."

"Anakunywa maziwa?"

"Anakunywa. Ya wakwe zake, ya kibuyu."

"Inachemshwa?"

Hapo nilijibu mwenyewe. "Inawekwa mkaa wa senetwet. Mkaa unasafisha."

Aliweka kalamu chini. "Nani alisema?"

"Nimepima mwenyewe."

"Ulipima nini?"

Nilifikiri. "Harufu."

Hakunicheka, na nitamshukuru kwa hilo siku zote. "Mkaa unasaidia maziwa isioze," alisema. "Mimi pia kwetu tunatumia. Lakini kuoza ni kitu kingine, na ugonjwa ni kitu kingine. Mdudu wa ugonjwa anaweza kuwa ndani na maziwa inanukia vizuri." Kisha akauliza kwa sauti ya chini zaidi, "Kuna mahali pamevimba?"

Nilimtazama Nafula. "Dada, nenda uninunulie maji hapo nje."

"Maji si unayo kwa mkono hapo?"

"Nafula."

Alitoka. Nikasema. Daktari aliandika bila kuinua macho, kama mtu anayeandika namba ya gunia, na aibu yangu ya wiki mbili ikaisha kwa muda usiozidi dakika moja.

Damu ilikwenda maabara. Siku iliyofuata jina likapatikana: brusela, ile ambayo watu huita homa ya maziwa. Vidonge vya aina mbili, kila siku, wiki sita bila kuruka. Nilifurahi. Jambo likishakuwa na jina na muda, mimi naweza kulifanya.

"Nani mwingine anakunywa hiyo maziwa?" daktari akauliza.

Nilianza kuwataja kwa mpangilio. Mke wangu, kidogo. Shemeji yangu Ndiema. Mama mkwe. Binti yangu Sharon... Sharon anafundisha chekechea huko mlimani na anaishi kwa Kogo, kwa sababu mume wake anafanya kazi Lodwar. Alikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi mitano.

"Huyo aache leo," daktari alisema. "Si kesho. Na apimwe. Hii ugonjwa inaweza kuharibu mimba."

Nilimpigia simu kutoka kitandani.

"Baba, nitaachaje?" Sharon alinong'ona. "Kogo ananiangalia mpaka nimalize kikombe. Anasema ni ya mtoto."

"Mwambie tumbo linakataa."

"Nilimwambia jana. Ameongeza."

Aliahidi kumwaga kisirisiri. Lakini nyumba ile ni ndogo, na Kogo haachi kikombe kitoke machoni pake.

Niliporudi Kitale nilimwambia Chemtai kila kitu. Nilidhani atapiga simu nyumbani mara moja. Alikaa akiangalia karatasi ya hospitali.

"Unataka nimwambie mama nini?" alisema mwishowe. "Ati maziwa yake inakuua? Yule mama amekutumia kibuyu kila mwezi tangu tuoane. Hata mwaka wa ukame alikutumia."

"Sijiogopei mimi. Ni Sharon."

"Najua ni Sharon! Na dada yako ameshaniambia kwa simu kwamba watu wa mlima wamekuroga na maziwa. Sasa nikipiga simu, mama atasikia nini? Atasikia sauti ya Nafula."

Siku mbili hatukuzungumza zaidi ya chakula na dawa. Katika siku hizo mbili swali moja lilinisumbua. Nimeyanywa maziwa ya kibuyu kile kwa zaidi ya miaka ishirini. Kwa nini niugue mwaka huu? Katika kazi yangu, mizani iliyokuwa sawa ikikosea ghafla, huwa natafuta kilichobadilika. Nilipekua madaftari, sikuona kitu. Siku ya tatu nilimwambia Chemtai kwamba nitapanda mwenyewe, na kwamba sitamlaumu mtu yeyote ila aliyekosea. Alinitazama nikijaribu kufunga viatu. Akainama, akanifungia. "Tutaenda wote," akasema.

Ilikuwa wiki ya pili ya vidonge, Julai, na ukungu ulikuwa umefunika mlima. Kando ya njia senetwet ilikuwa imechanua kote, manjano juu ya kijani, na sikuweza kuichukia. Ndiema alituwekea viti uani, pale pale tulipokaa Krismasi. Nilikaa nimeupa mlango wa jiko mgongo. Kogo alikuwa ndani. Sharon alisimama mlangoni, tumbo lake limeanza kuonekana. Nikamgeukia Chemtai, nikasema kwa sauti ya kutosha kupita ukutani.

"Mama Sharon, nimekuja kusema kosa. Krismasi nilisema hapa kwamba mkaa unatosha na moto ni kazi bure. Nilipima harufu peke yake. Ugonjwa sikuupima. Nimeugua kwa maneno yangu mwenyewe. Naomba maziwa ya nyumba hii yapite motoni kabla ya kuingia kibuyuni, kwa ajili ya huyo mtoto wa Sharon."

Kisha sauti ya Kogo ikatoka, kwa Kisabaoti, ikielekezwa kwa binti yake. Chemtai alinitafsiria neno kwa neno, ingawa lugha hiyo naielewa.

"Anasema, mwambie mume wako kwamba mama yangu alinifundisha kuchemsha. Kuchemsha, kuacha yapoe, ndipo kumimina. Nimefanya hivyo tangu nikiwa msichana. Maziwa yote aliyokunywa hapa, tangu siku ya posa, yalipita motoni."

Chemtai akaendelea kutafsiri.

"Anasema, Krismasi nilimsikia akisema ni kazi bure. Nikajiambia, yeye amesoma, ana madaftari. Nikaacha."

"Mwulize kwa nini hakuniuliza," nikasema.

Kogo hakungoja tafsiri. "Ningemwuliza kwa mdomo upi?"

Hicho ndicho kilichobadilika. Nilikuwa nimekitafuta katika madaftari yote kumi na moja, na kumbe kilikuwa kinywani mwangu. Mwanamke aliyejua kazi yake aliacha kuifanya kwa sababu nilisema, na heshima aliyonipa ndiyo iliyomzuia kunisahihisha. Ndiema naye akakumbuka kwamba ng'ombe mmoja, wa madoa, waliyemleta kutoka soko la Suam wakati ule ule wa Krismasi, alikuwa ametupa mimba mwezi wa tatu. Hakuna aliyeliunganisha jambo hilo na lolote.

"Mwambie daftari lilikosea," nikamwambia Chemtai.

"Mwambie daftari halinywi maziwa," Kogo akajibu kutoka ndani.

Sharon alikuwa wa kwanza kucheka. Kisha Chemtai, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu kupanda. Muda mfupi baadaye tulisikia kuni zikivunjwa, na sufuria ikiwekwa juu ya mafiga. Maziwa yaliyokuwa kibuyuni Kogo aliyamwaga mwenyewe nyuma ya zizi, na kibuyu akakisugua upya kwa kaa la moto.

Daktari wa mifugo aliwapima ng'ombe wote. Yule wa madoa akaondolewa. Sharon na wengine walipimwa. Majibu ya Sharon tuliyangoja siku tatu, na katika siku hizo Chemtai alilima bustani yote ya mboga ambayo haikuhitaji kulimwa. Damu ya Sharon ilikuwa safi. Walimpima tena baada ya wiki kadhaa. Safi.

Wiki sita za vidonge zilipita polepole. Nitaeleza machache ambayo hakuna aliyenieleza mapema. Mkojo wangu uligeuka rangi ya soda ya machungwa, nikadhani navuja damu. Ni dawa tu. Jua lilinichoma mikono, nikawa navaa shati la mikono mirefu. Vidonge viliniumiza tumbo nisipokula, na nilionywa nisivinywe pamoja na maziwa, neno lililomfanya Chemtai atikise kichwa. Wiki ya tatu jasho lilikoma. Wiki ya nne uvimbe uliisha. Wiki ya tano, nilipojisikia mzima, nilitaka kuacha dawa. Wewe usiache. Kulikuwa pia na huzuni isiyo na sababu, iliyokaa hata baada ya homa kuondoka. Nilikaa karakanani nikiangalia mizani bila kuigusa. Mshonaji yule wa jirani alikuja kila saa nne na vikombe viwili vya chai ya rangi, akakaa, hakusema lolote la maana. Ilisaidia kuliko alivyojua.

Nafula aliniletea njugu za kuchemsha. Aliweka kikapu mlangoni akasema, "Nimezipima. Kilo mbili kamili. Usiseme sijui kupima." Kwake hiyo ndiyo samahani, na niliipokea.

Ule ukurasa wa senetwet sikuuchana. Maneno yale ya Krismasi niliyakata kwa mstari mmoja tu ili yaendelee kusomeka, nikaandika chini yake: *Mkaa hutunza maziwa. Moto huondoa ugonjwa. Sikuuliza jikoni.* Yote mengine kuhusu mmea huo nimeyaacha kama yalivyokuwa. Bado naupenda.

Mahindi yalipokuwa yakivunwa Sharon alijifungua hapa Kitale, msichana, na kwa sababu ya mavuno tukamwita Nekesa. Mama na mtoto wote wazima. Siku ya nne Kogo alishuka kutoka mlimani kumwona kitukuu chake, na mkononi alikuwa na kibuyu kilichofungwa kwa shanga. Nilikuwa barazani. Nilisimama, nikainamisha macho kama inavyotakiwa, nikangoja apite. Hakupita. Sharon alitoka na mtoto, na Kogo akampokea. Nikasikia Sharon akimimina maziwa mara mbili, na Kogo mwenyewe akinywa kikombe cha kwanza.

Kisha Kogo akamwambia mtoto wa siku nne, kwa Kiswahili, polepole ili kila neno lifike:

"Mwambie babu yako nimechemsha."

Nilimgeukia mtoto. Alikuwa amelala, mdomo wazi. "Mwambie Kogo asante," nikasema.

Kikombe cha pili kiliwekwa mezani mbele yangu. Harufu yake ilikuwa ile ile ya siku ya posa, moshi na njugu zilizoungua. Sikuinua macho, lakini nilijua ananiangalia. Nilikimaliza.